Kuigiza Picha za Infraredi kwa Kompyuta na Simu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ninaulizwa kila mara na wapigapicha wa Kampala, Jinja, Mbale na Arua. Wengi wao wameona mahali fulani picha ya migomba myeupe kama iliyomwagiwa unga, juu yake anga jeusi na mawingu yanayong'aa, wakatamani ya kwao iwe hivyo. Maswali nimeyapa namba, na pale jibu moja linapoegemea jingine nimetaja namba yake.

## Mambo ya msingi

1. Picha ya infraredi ni picha gani?

Jicho la mtu linaona mwanga wenye urefu wa wimbi kuanzia nanomita 400 hivi, ambao ni zambarau, hadi 700 hivi, ambao ni mwekundu. Ukipita 700 mwanga bado upo, ila jicho haliupokei. William Herschel aliugundua mwaka 1800. Alipitisha mwanga wa jua kwenye mche wa kioo, akaweka vipimajoto kwenye rangi zilizotokea. Kipimajoto alichokiweka nje kidogo ya wekundu, mahali pasipo na rangi yoyote, ndicho kilichopanda zaidi.

Picha ya infraredi hupigwa kwa mwanga huo uliojificha, kuanzia nanomita 700 hadi karibu 1000.

2. Kwa nini majani yanakuwa meupe na anga jeusi?

Klorofili iliyo ndani ya jani hunyonya mwanga mwekundu na wa bluu, ikaacha sehemu ndogo ya kijani, ndiyo tunayoiona. Infraredi hainyonywi na klorofili. Inaingia ndani ya jani, inagonga kuta za seli na nafasi za hewa zilizomo, inasambaa na sehemu kubwa inarudi nje. Jani bichi hurudisha karibu nusu ya infraredi inayolipiga, ilhali ya mwanga wa kijani hurudisha takriban sehemu moja tu ya kumi. Mwanafizikia Mmarekani Robert Wood alichapisha picha za namna hii mwaka 1910, na weupe huo wa majani umebaki na jina lake.

Anga ni bluu kwa sababu hewa hutawanya mawimbi mafupi kuliko marefu. Infraredi ni wimbi refu, haitawanywi sana, kwa hiyo anga halina mwanga wa kuipa kamera. Mawingu ni matone ya maji, nayo hutawanya mawimbi yote, hivyo hubaki meupe. Maji yenyewe hunyonya infraredi. Ziwa Victoria mchana wa jua kali hutoka jeusi.

3. Je, ni sawa na kamera za kupima joto?

Hapana. Kamera za joto, pamoja na vile vipimajoto tulivyoelekezewa kwenye paji la uso wakati wa korona, hupokea mawimbi marefu mno, karibu nanomita 8,000 hadi 14,000, yanayotoka kwenye mwili wenyewe. Picha tunayoizungumzia hapa inahitaji jua.

4. Kwa nini niigize, nisipige infraredi yenyewe?

Unaweza kuipiga, ila kamera yako imetengenezwa ili iikatae. Mbele ya kihisi chake, kile kinachopokea mwanga, kuna kioo chembamba kinachozuia infraredi ili rangi za kawaida zisiharibike. Ukifunga filta kama Hoya R72, inayopitisha mwanga kuanzia nanomita 720 hivi, kioo hicho bado kinazuia, na utalazimika kuacha kamera wazi kwa sekunde nyingi juu ya stendi. Migomba haisubiri. Upepo ukivuma kidogo tu, majani yote yanakuwa moshi. Njia nyingine ni kuondoa kioo hicho. Tazama swali la 21.

Ukitaka kujua kama simu yako inapokea chochote, elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya mbele na ubonyeze. Nukta ya mwanga ikionekana kwenye skrini, hiyo ni infraredi.

5. Programu inaigiza vipi kitu ambacho kamera haikukipiga?

Hapa naomba usome polepole, maana makosa karibu yote ya baadaye yanaanzia hapa. Kila pikseli ya picha yako ina namba tatu tu: nyekundu, kijani na bluu. Infraredi haimo. Tunachofanya ni kubahatisha: palipo na kijani au manjano tunasema ni jani, tunapang'arisha, palipo na bluu tunasema ni anga, tunapatia giza.

Programu inajua rangi, haijui jani. Kitenge cha kijani kwake ni mgomba. Kwa hiyo jicho lako ndilo litakaloamua picha imeiva au bado.

## Picha ya kuanzia

6. Picha ya aina gani inafaa?

Yenye majani mengi, jua wazi na anga la bluu lenye mawingu yaliyojikusanya. Wapigapicha wengi hukimbia jua la saa sita, na hapa kwetu kwenye ikweta jua hilo ni kali kweli. Kwa kazi hii ndilo rafiki yako. Saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri panafaa, na siku nzuri kuliko zote ni ile inayofuata usiku wa mvua: vumbi limeoshwa kwenye majani, anga ni safi. Januari na Februari, vumbi na moshi wa kuchoma mashamba vikitanda, anga huwa jeupe, na anga jeupe halina bluu ya kugeuza.

Miti nayo haifanani. Migomba, chai ya Fort Portal na nyasi changa hung'aa vizuri kwa sababu kijani chake kimechanganyika na manjano. Mikaratusi iliyojaa kwenye vilima vya Kabale ina majani ya kijivu yenye ubluu, nayo hubaki nyuma. Kwenye infraredi ya kweli mikaratusi hung'aa kama miti mingine. Ukiigiza itabidi uiongezee mwanga kwa mkono.

7. JPEG inatosha, au lazima iwe RAW?

RAW, yaani faili ghafi la kamera, ni bora zaidi. JPEG, faili la picha lililobanwa, ya ubora wa juu iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera inavumilika. Picha iliyopita WhatsApp achana nayo, labda aliyekutumia awe ameituma kama dokumenti. WhatsApp huibana, na ubanaji hula kwanza taarifa za rangi, ambazo ndizo tunazozitegemea. Matokeo yake yapo kwenye swali la 13.

## Kazi yenyewe

8. Niweke namba gani kwenye kichanganya chaneli?

Kichanganya chaneli ni sehemu ya programu inayochanganya zile namba tatu za swali la 5, kila moja ikiitwa chaneli, kwa asilimia unazotaka. Anza na nyekundu 0, kijani 200, bluu −100, huku umechagua picha ya rangi moja. Nitaonyesha sababu kwa hesabu, maana anayeielewa hahitaji kukariri namba za mtu mwingine.

Chukua jani la mgomba lililopigwa na jua: nyekundu 90, kijani 120, bluu 50. Chukua na anga: 110, 160, 220. Ukigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa njia ya kawaida, jani linapata 103 hivi na anga 152. Anga limelizidi jani, kama jicho linavyoona.

Sasa zidisha kijani kwa mbili, kisha toa bluu. Jani: 240 toa 50, unapata 190. Anga: 320 toa 220, unapata 100. Vimebadilishana nafasi, na huko ndiko kuigiza kwenyewe. Wingu jeupe lenye 240 kwenye kila chaneli linapata 480 toa 240, yaani 240 ile ile, halikuguswa. Wingu limebaki vile kwa sababu namba zetu tatu zikijumlishwa zinafika 100. Zikizidi 100 picha nzima inaungua. Zikipungua inazama gizani.

Mkaratusi wa 105, 120, 100 unapata 140 tu. Sasa unaona kwa nini niliutaja kwenye swali la 6.

Kutoka hapo rekebisha kwa jicho. Anga likiwa jeusi mno, panda hadi bluu −70 na ushushe kijani hadi 170.

9. Nitumie programu gani kwenye kompyuta?

GIMP ni ya bure na inatosha. Fungua picha, ipandishe hadi biti 16 kwa kila chaneli, nenda menyu ya Colors utafute Mono Mixer. Huko asilimia zimeandikwa kama desimali: kijani 2, bluu −1, nyekundu 0. Photopea nayo ni ya bure, inafunguka ndani ya kivinjari na inafanana sana na Photoshop. Picha yako inashughulikiwa hapo hapo kwenye kompyuta, haipandishwi mtandaoni, kwa hiyo bando lako halitaliwa na picha ya megabaiti thelathini.

Programu hizi hupanga picha kwa matabaka, moja juu ya jingine. Fanya kazi kwenye nakala ya tabaka. Utaihitaji ile ya awali kwenye maswali ya 14 na 15.

10. Nina simu tu. Nifanyeje?

Lightroom ya simu: chagua nyeusi na nyeupe, ingia kwenye mchanganyiko wa rangi, pandisha manjano na kijani, shusha bluu na samawati. Anza na manjano. Wengi hupandisha kijani peke yake kisha wanashangaa majani hayabadiliki, wakati kwa hesabu za kamera jani la juani ni la manjano kuliko tunavyodhani. Snapseed, programu nyingine ya simu, ina filta za rangi kwenye sehemu yake ya nyeusi na nyeupe. Inatoa ladha, lakini haikupi nafasi ya kutoa bluu.

11. Ule mng'ao laini unaozunguka majani unatoka wapi?

Unatoka kwenye filamu, wala si kwenye infraredi. Filamu ya Kodak iliyoitwa HIE, ambayo iliacha kutengenezwa mwaka 2007, haikuwa na tabaka la nyuma la kumeza mwanga unaorudi. Mwanga mkali ulipenya, ukagonga mgongo wa kamera, ukarejea na kumwagika pembeni ya kila kitu cheupe. Watu wakaupenda, na sasa ni nusu ya sura tunayoiita infraredi.

Kuuiga: nakili tabaka lililokwisha kugeuzwa, litie ukungu wa Gaussian wa pikseli 15 hadi 30 kwa picha yenye upana wa pikseli 4,000, weka hali ya kuchanganya ya Screen, kisha punguza nguvu ya tabaka hadi asilimia 25 hivi. Futa mng'ao huo kwenye anga na kwenye vigogo. Ukiuacha kila mahali, picha inafanana na iliyopigwa kupitia dirisha la matatu lenye mvuke. Chembe za filamu ziongeze mwisho kabisa, kidogo, zisizo na rangi.

12. Nataka anga ibaki bluu na majani yawe pinki. Inawezekana?

Inawezekana, na mbinu yake ni nzuri kuliko inavyoonekana. Nakili tabaka, geuza rangi zake kinyume, kisha weka hali ya kuchanganya ya Color (kwenye GIMP ni HSL Color). Unganisha, fungua Channel Mixer, ubadilishane nyekundu na bluu: kwenye chaneli nyekundu weka nyekundu 0 na bluu 100, na kwenye chaneli ya bluu weka nyekundu 100 na bluu 0.

Hatua mbili hizi zinafutana kwa baadhi ya rangi. Bluu ya anga inageuka rangi ya chungwa, kisha inarudi bluu. Kahawia ya ngozi na udongo wetu mwekundu hurudi karibu na zilipotoka. Kijani haina bahati hiyo, inaishia pinki. Nguo nyekundu kabisa huwa ya manjano, basi fikiria kabla ya kuigusa picha ya kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, yenye gomesi nyekundu.

Pinki hiyo inakumbusha filamu ya Kodak Aerochrome, iliyotengenezwa kwa upelelezi wa angani. Richard Mosse wa Ayalandi aliitumia jirani yetu, mashariki mwa Kongo, na vilima vinavyofanana na vya Kisoro vikatoka waridi. Kwenye Aerochrome ya kweli, wekundu ulikuwa na maana: ulionyesha mmea hai. Wa kwetu ni wa kupaka.

## Inapoharibika

13. Anga langu limejaa chenga na vimiraba. Tatizo ni nini?

Bluu ndiyo chaneli yenye chenga nyingi kuliko zote, na sisi tunaivuta kwa nguvu. JPEG nayo hukata picha kwenye vimiraba vya pikseli 8 kwa 8, navyo vinaibuka pale pale. Kabla ya kuchanganya chaneli, ondoa chenga za rangi kwenye anga peke yake, au tia ukungu kidogo kwenye chaneli ya bluu tu. Maelezo madogo ya picha yamo zaidi kwenye kijani, hutapoteza mengi. Kama picha imetoka WhatsApp, omba ya awali.

14. Paa la mabati ya kijani limekuwa jeupe kama mti. Nalirudishaje?

Kwa barakoa ya tabaka, yaani kinachoficha au kuonyesha sehemu unayoichagua ya tabaka. Paa lililopakwa 60, 120, 70 linapata 170, karibu sawa na jani, na mchanganyiko wetu wa namba hauvitenganishi. Rudisha tabaka la awali, lililogeuzwa kawaida kuwa nyeusi na nyeupe, kwenye paa peke yake.

Niliwahi kupiga picha za watoto wa shule wakiwa kwenye nyasi, sweta zao za kijani kibichi. Niliigiza infraredi, nikafurahia miti, nikazituma. Mama mmoja akanipigia: "Kaka, mbona mwanangu amevaa sare ya shule nyingine?" Alikuwa na haki. Sweta zilikuwa nyeupe pe, pamoja na nyasi. Nilirudi nikazichora barakoa moja moja, watoto thelathini na mmoja. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa chaneli naizungukia picha nzima nikitafuta kila kitu cha kijani kisicho jani: nguo, mageti, chupa, jerikeni, mabango.

15. Nyuso za watu zinatoka vibaya. Kwa nini?

Kivulini mwanga ni wa bluu, na mchanganyiko wetu unaitoa bluu. Shavu lililo kivulini lenye 60, 60, 80 linashuka hadi 40, na macho yanapotea. Ngozi nyeusi ndiyo inayoumia zaidi, nalo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu infraredi ya kweli hufanya kinyume: melanini hunyonya infraredi kidogo, kwa hiyo ngozi yetu hutoka laini na yenye mwanga kuliko katika picha ya kawaida.

Usikubali sura ya mtu iliwe na namba. Tenga uso kwa barakoa, utumie chaneli nyekundu peke yake, yaani 100, 0, 0. Nyekundu ndiyo jirani wa infraredi kati ya zile tatu, na huko ngozi ni laini, madoa yamefifia. Changanya polepole kwenye ukingo wa nywele.

16. Maji yamekuwa meupe. Si ulisema yawe meusi?

Maji yanayoakisi vilima vya kijani, kama ya Ziwa Bunyonyi asubuhi, kwa programu ni majani. Yatie giza kwa mkono, lakini uakisi wa miti uuache: hata kwenye infraredi ya kweli maji matulivu huakisi miti myeupe iliyo ukingoni. Mafunjo na magugu maji ni mimea, yabaki meupe.

17. Na maua ya jakaranda je?

Zambarau ya jakaranda ina bluu nyingi, hivyo kichanganya chaneli kinaitia weusi, na mbinu ya swali la 12 inaipeleka kwenye ukijani. Petali nyingi kwenye infraredi ya kweli hung'aa kama majani. Ing'arishe kwa barakoa, au subiri msimu wa maua upite.

## Matumizi mengine

18. Naweza kutumia picha hizi kujua kama migomba yangu ni migonjwa?

Hapana, hata kidogo, na tafadhali usimwambie mkulima kwamba inawezekana. Kipimo cha afya ya mimea kinachoitwa NDVI ni infraredi toa nyekundu, kisha unagawa kwa jumla ya hizo mbili. Kinahitaji infraredi iliyopimwa. Kwetu haikupimwa, rudi swali la 5. Data halisi zipo bure: setilaiti za Sentinel-2 hupiga infraredi kwenye bendi ya 8, nanomita 842 hivi, kila pikseli ikiwa mita 10 kwa 10. Kwa shamba la ekari kadhaa hiyo inasaidia, kwa mgomba mmoja hapana.

19. Nikiiweka kwenye maonyesho au mashindano, niseme imeigizwa?

Sema. Andika "infraredi ya kuigiza" chini ya picha. Mtazamaji akiona jani jeupe anaamini kamera iliona kitu ambacho yeye hakukiona, na hapa haikukiona.

20. Nilichapisha, ikatoka na ukijani. Kwa nini?

Mashine ilichanganya wino wa rangi kutengeneza kijivu. Duka moja la Nasser Road, Kampala, lilinitolea nakala ishirini hivyo, hazikufaa kuning'inizwa. Omba ichapishwe kwa wino mweusi pekee, au kwenye karatasi ya picha ya maabara, na uchukue nakala moja ya majaribio kabla ya kulipia zote.

21. Nina kamera ndogo ya zamani. Nifungue niondoe kile kioo mwenyewe?

Ikiwa ina flashi, ndani kuna kapasita inayoweza kushika karibu volti 300 hata betri ikiwa imetolewa. Mpelekee fundi wa kamera anayejua kuitoa chaji. Mwambie pia kwamba mahali pa kioo kile panahitaji kioo kingine kisicho na rangi chenye unene unaolingana. Pakiachwa wazi, kamera haitalenga vizuri. Vumbi likiingia juu ya kihisi wakati huo linabaki humo, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike ndani, dirisha limefungwa, siku ambayo barabara imelowa.